Makaa ya Moto na Wajibu wa Mwenye Elimu

Kuna swali ambalo limewashughulisha wenye akili tangu zamani, nalo ni hili: mtu aliyesoma akashika kanuni fulani, akaiamini na kuifundisha, kisha akaona jambo moja dogo lisiloafikiana na kanuni ile, je, wajibu wake ni upi? Alifumbie macho jambo lile kwa kuwa ni dogo, na kanuni ni kubwa na imethibiti mara nyingi? Au aitupe kanuni yote kwa ajili ya kasoro moja? Au iko njia ya tatu?

Wengi hudhani kuwa swali hili ni la wanazuoni peke yao. Sivyo. Lamhusu mwalimu mbele ya wanafunzi wake, na mfanyabiashara mbele ya hesabu isiyolingana kwa senti chache, na mzazi mbele ya mtoto anayemwuliza swali asilolipenda. Kila mmoja wetu ana kanuni zake, na kila kanuni iko siku itakutana na jambo lisiloingia ndani yake.

Nitalijibu swali hili kwa visa viwili. Cha kwanza kilinipata mimi mwenyewe huko Keringet, katika nyanda za juu za Nakuru, nacho ni kisa cha aibu. Cha pili kilitokea Berlin, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1900, nacho ni kisa cha fakhari. Vyote viwili vyahusu kitu kimoja: joto litokalo katika vitu na kwenda zake pasi na kuonekana.

Sisi watu wa pwani baridi kali twaijua kwa kusimuliwa tu. Keringet iko Kuresoi Kusini, upande wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na wenyeji wake hulima chai na viazi. Huko, usiku ukiwa mweupe, hauna wingu wala upepo, huenda mtu akaamka alfajiri akakuta majani yamevikwa ukoko mweupe mfano wa chumvi. Hiyo ndiyo jalidi. Jua likipanda, majani ya viazi hugeuka meusi kama yaliyobabuliwa, na watu husema kuwa yameungua. Kwa mwenye shamba dogo, usiku mmoja wa namna hiyo waweza kuchukua karo ya shule ya watoto wake.

Nilikuwa mgeni huko. Asubuhi moja watu walikutana mbele ya duka wakizungumza hasara yao, na kwa kuwa nilijulikana kuwa ni mtu wa vitabu, nikaulizwa jalidi hutoka wapi. Nikajibu bila ya kusita kwamba baridi hushuka kutoka milimani wakati wa usiku, kama maji yateremkavyo, ikaenea bondeni, na kila kilichoguswa nayo hugandishwa. Mama mmoja mwenye shamba la viazi akasema kwa adabu: "Mwalimu, kama hushuka ikaenea pote, mbona mistari miwili iliyo chini ya mti haikuungua, na ile ya hatua tatu kando imeungua yote? Na mbona usiku wa mawingu hatuioni, hata kama baridi yatutetemesha?"

Jawabu nililompa laniudhi mpaka leo. Nilimwambia: "Mama, hayo ni mambo madogo. Kanuni haivunjwi na mistari miwili ya viazi." Watu wakacheka. Yeye akanyamaza, akakaza kitambaa chake cha kichwa, akaenda zake.

Usiku uliofuata mbingu ilikuwa nyeupe tena. Sikupata usingizi. Kabla ya mapambazuko nikachukua tochi nikatoka. Majani yaliyokuwa wazi yalikuwa meupe. Yaliyokuwa chini ya mti yalikuwa na rangi yake ya kawaida. Na mahali ambapo mtu aliacha gunia kuukuu juu ya mboga, mboga zilizokuwa chini ya gunia zilikuwa salama. Kama baridi ilikuwa imeteremka kama maji, gunia lile lililokuwa wazi pande zote lingeizuiaje? Nikasimama pale nikijua kwamba mama yule alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo mimi nililificha kwa maneno yangu.

Hakika ya mambo ni hii. Kila kitu kilicho na joto lolote hutoa sehemu ya joto hilo nje, kwa mawimbi ya jinsi ile ile ya nuru, ila aghalabu hatuyaoni. Weka kiganja chako kando ya jiko la makaa, si juu yake. Hewa ya moto yapanda juu, lakini kiganja chapata joto nacho kiko kando. Joto hilo halikubebwa na hewa. Limetoka kwenye makaa kama mwanga utokavyo kwenye taa. Na ardhi nayo, ijapokuwa haina moto, hufanya vivyo hivyo usiku kucha: hutoa joto lake kuelekea mbinguni. Mbingu ikiwa wazi, joto lile huenda lisirudi, na majani hupoa hata yakawa baridi kuliko hewa iliyoyazunguka. Kukiwa na wingu, au mti, au gunia, kitu kile kilicho juu nacho hutoa joto lake, na sehemu yake hurudi chini. Basi baridi haikuwa imeyaangukia majani. Joto ndilo lililoondoka. Wala kanuni yangu haikuwa uwongo mtupu, kwani ni kweli kuwa hewa ya baridi hutiririka ikakaa mabondeni na kuzidisha madhara. Lakini haikutosha, na upungufu wake ulikuwa katika ile mistari miwili niliyoidharau.

Sasa natuvuke bahari tuende Berlin, tukaone watu waliokutana na upungufu mdogo zaidi ya huo, wakautendea kinyume cha nilivyotenda mimi.

Mhunzi hahitaji kipimajoto. Huona chuma kikiwa chekundu cha kukoza, kisha cha rangi ya machungwa, kisha chaelekea weupe, akajua joto lake limezidi. Karibu na mwaka 1860, Gustav Kirchhoff alibainisha kwamba ndani ya tanuri iliyofungwa pande zote, yenye tundu dogo tu la kuchungulia, nuru na joto litokalo tunduni halitegemei tanuri imejengwa kwa udongo au kwa chuma, wala haitegemei umbo lake. Lategemea kiasi cha joto peke yake. Jambo hili lilikuwa la ajabu. Likawa swali kwa wanazuoni: ni kanuni gani ituambiayo, kwa kila kiasi cha joto, ni sehemu gani itatoka kwa mawimbi mafupi, na ni sehemu gani kwa mawimbi marefu?

Swali hili halikubaki vitabuni. Mwaka 1887 ilianzishwa taasisi ya serikali ya vipimo huko Charlottenburg, kando ya Berlin. Siku zile taa za gesi na taa za umeme zilikuwa zikishindana, na wenye viwanda walitaka kipimo cha haki cha kujua taa ipi yatoa nuru nyingi zaidi. Ndani ya taasisi hiyo Otto Lummer, Ernst Pringsheim, Ferdinand Kurlbaum na wenzao walitengeneza tanuri za kupimia, wakazipasha moto, na kupima joto litokalo kwa uangalifu uliokuwa haujapata kuonekana.

Kanuni iliyotawala ilikuwa ya Wilhelm Wien, ya mwaka 1896. Ilipatana vizuri na vipimo vya mawimbi mafupi. Na Max Planck, mwalimu wa chuo kikuu cha Berlin, mtu mpole mwenye heshima kubwa, alikuwa ametoa mwaka 1899 hoja ndefu za kuonyesha kuwa kanuni ya Wien ndiyo itokanayo na misingi mikubwa ya elimu ya joto. Zingatia hapa, ndugu msomaji. Planck hakuwa mtazamaji. Jina lake na kalamu yake vilikuwa upande wa kanuni ile.

Kisha wapimaji wakaanza kuona kasoro. Katika mawimbi mafupi kila kitu kilikuwa sawa. Lakini Heinrich Rubens na Kurlbaum walipofika kwenye mawimbi marefu, mpaka yale yenye urefu wa sehemu 51 katika sehemu 1,000 za milimita, joto lililotoka lilikuwa jingi kuliko kanuni ya Wien ilivyosema. Ilikuwa ni pembe moja tu ya jambo zima, katika mawimbi yasiyoonekana na jicho la mtu yeyote. Planck angeweza kusema kama nilivyosema mimi: hiyo ni mistari miwili ya viazi.

Hakusema hivyo. Siku ya Jumapili, tarehe 7 Oktoba 1900, Rubens alikwenda nyumbani kwake kumtembelea akamweleza walichokiona. Planck akalipokea jambo lile kama lilivyo. Jioni ile ile akatafuta kanuni mpya, ambayo kwenye mawimbi mafupi yafanana na ya Wien, na kwenye mawimbi marefu yafuata vipimo vya Rubens. Tarehe 19 Oktoba akaitangaza mbele ya chama cha wanafizikia. Rubens akailinganisha na vipimo vyake, akaiona yapatana navyo.

Mtu mwingine angetosheka hapo. Lakini kanuni ipatanayo na vipimo bila ya mwenyewe kujua kwa nini ni kama ufunguo uliookotwa njiani: wafungua mlango, wala hujui ni wa nani. Planck akataka kujua sababu. Ili aipate ilimbidi kuchukua njia ya hesabu ya Ludwig Boltzmann, ambayo mwenyewe alikuwa ameikwepa kwa miaka mingi, na kukubali jambo geni kabisa: kwamba nishati ya mawimbi yale igawiwe kwa vipande vizima, na kila kipande kifuate wepesi wa wimbi lake. Hoja hii aliitoa tarehe 14 Desemba 1900, na siku hiyo wengi huihesabu kuwa ndiyo kuzaliwa kwa elimu ya kwanta.

Nitaeleza kwa mfano wa soko. Mchukulie mtu mwenye shilingi chache mkononi. Kwenye duka la rejareja, mafuta huuzwa kwa kibaba na sukari kwa kipimo kidogo, naye atanunua. Akienda kwenye ghala ambako hawauzi ila gunia zima, atatoka mikono mitupu, hata kama ghala limejaa. Mawimbi marefu ni kama duka la rejareja: kipande chake cha nishati ni kidogo, na kila kitu chenye joto chaweza kukilipa. Mawimbi mafupi, yale ya urujuani na yaliyopita hapo, ni kama ghala la magunia: kipande chake ni kikubwa, na makaa ya jikoni hayana joto la kutosha kukilipa ila kwa nadra mno. Kwa hiyo jiko hung'aa wekundu, wala halitoi urujuani.

Na lau nishati ingegawiwa kwa kiasi chochote kile, bila ya kipande kilicho cha chini kabisa, ingetokea ajabu. Kwa hesabu za zamani, ambazo Rayleigh alizianza mwaka 1900 na yeye na James Jeans wakazikamilisha mwaka 1905, kila wimbi lapata fungu sawa. Na kwa kuwa mawimbi mafupi hayana idadi, kila jiko lingemwaga nishati isiyo na mwisho. Vitabu vingi husimulia kuwa Planck alikuwa akikimbia balaa hilo. Tarehe zenyewe zaonyesha sivyo. Yeye alifuata tofauti ndogo iliyopimwa na watu waaminifu. Ukubwa wa jambo ulidhihiri baadaye.

Sasa turudi kwenye swali letu, tuzitazame hoja za wanaopinga.

Hoja ya kwanza: wapo wasemao, "Kasoro ndogo si ya kushughulikiwa, mwenye hekima hutazama yaliyo mengi." Jawabu ni kuwa udogo wa kasoro si kipimo cha uzito wake. Tundu la panya na tundu la msumari katika jahazi huenda yakalingana kwa ukubwa, lakini nahodha atauliza liko juu ya maji au chini yake. Kasoro huulizwa ilipo na itokako, ndipo ikahukumiwa.

Hoja ya pili: wengine husema, "Kama kanuni ya jana imeanguka leo, na ya leo itaanguka kesho. Basi elimu yote ni dhana, na kila mtu ashike alilolipenda." Huu ni uvivu uliovaa kilemba cha hekima. Kanuni ya Planck haikuifuta ya Wien. Ukiitazama kwenye mawimbi mafupi, ya Wien yatokea ndani yake. Ukiitazama kwenye mawimbi marefu, ya Rayleigh yatokea ndani yake. Aliyejenga dari juu ya nyumba hakuubomoa msingi. Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, aliandika kitabu kizima cha kuonyesha mashaka juu ya maneno ya Ptolemy, naye alikuwa mwanafunzi mkubwa wa vitabu vya Ptolemy huyo huyo. Kumheshimu mwalimu na kulipima neno lake ni mambo mawili yakaayo katika kifua kimoja.

Hoja ya tatu: yuko atakayesema, "Basi kila apingaye asikilizwe, hata mjinga na mzushi." La. Planck hakubadili rai yake kwa sababu ya uvumi. Alibadili kwa sababu jambo lilikuwa limepimwa, kisha likapimwa tena, na wapimaji walikuwa watu wa ujuzi wasiokuwa na maslahi katika jawabu. Mambo matatu haya ndiyo mizani: kitu kiwe kimeonwa, kionekane tena kikitafutwa, na mwenye kukieleza awe mkweli. Mama wa Keringet alikuwa nayo yote matatu. Alikuwa ameona, kila usiku mweupe ulimrudishia jambo lile lile, wala hakutaka chochote kwangu ila kujua.

Tusimpambe Planck kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakuipenda njia aliyoifungua. Mwaka 1931 aliandika katika barua kuwa lile lilikuwa tendo la mtu aliyefikia ukomo, na kwa miaka mingi alijaribu kuvirudisha vipande vyake ndani ya elimu ya zamani. Einstein alipotangaza mwaka 1905 kuwa nuru yenyewe husafiri kwa vipande, Planck hakukubali upesi. Hata mwaka 1913, alipokuwa akimsifu Einstein ili aingizwe katika baraza la wanazuoni la Prussia, aliitaja rai hiyo kuwa ni mahali ambapo huenda Einstein alivuka shabaha. Hapa ndipo ilipo faida yetu. Ukweli haumlazimishi mtu aufurahie. Wajibu wake ni kutoficha alichokiona, wala kumzuia mwingine kwenda mbele nacho. Planck aliutimiza wajibu huu, na wengine wakaendelea: Bohr mwaka 1913, Heisenberg mwaka 1925, Schrödinger mwaka 1926.

Na matunda yake yako mikononi mwetu. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, wengi wetu tulielekezewa kifaa kwenye paji la uso tukapimwa homa bila ya kuguswa. Kifaa kile kilisoma joto litokalo mwilini kwa mawimbi tusiyoyaona. Satelaiti zipitazo juu ya nyanda za chai za Kenya hulisoma vivyo hivyo joto litokalo ardhini, na kituo cha RCMRD kilichoko Nairobi kimetumia vipimo hivyo kuchora ramani za mahali palipopigwa na jalidi. Na mwenye duka naye asidhani haya yako mbali naye. Zamani kilo ya ulimwengu ilikuwa kipande cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris tangu mwaka 1889. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo imefungamanishwa na ile namba ndogo ya Planck, ambayo ukiiandika kwa nukta huanza na sifuri 33 kabla ya kuifikia tarakimu ya kwanza. Mizani ya haki ya muuza mchele wa Mombasa au Lamu imesimama, hatimaye, juu ya uaminifu wa watu waliokataa kuficha tofauti ndogo katika tanuri.

Basi jawabu la swali letu ni hili. Mwenye elimu akikutana na jambo lisiloingia katika kanuni yake, asilifumbie macho, wala asiitupe kanuni kwa pupa. Alipime, likithibiti, alikiri hadharani, khasa kama aliipinga hadharani, kisha atafute kanuni pana itakayobeba la zamani na jipya pamoja. Na kukiri huku ni haki ya watu, si hisani yetu kwao, kwa sababu aliyefundisha kosa amekopa imani ya wasikilizaji wake, na deni hulipwa pale pale lilipochukuliwa.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka Keringet nilikwenda mbele ya duka lile lile, saa ile ile ya asubuhi, watu wakiwapo. Nikamwambia yule mama: "Mama, uliniuliza swali la haki nami nikakujibu kwa dharau. Mistari yako miwili ilikuwa kweli, na jawabu langu lilikuwa pungufu. Naomba radhi." Kisha nikawaeleza khabari ya joto liondokalo ardhini usiku. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama akafikiri kidogo, akasema: "Basi, Mwalimu, tukivifunika kwa nyasi kavu jioni mbingu ikiwa nyeupe, vitapona?" Nikamwambia vile nilivyojua: kwamba kifuniko chasaidia, bali si kila usiku wala si kwa kila kiasi cha baridi, na yeye mwenyewe ndiye atakayeona na kutueleza. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.